Tandiko, shogi, ubavu au kisima: uchague kichwa gani cha tangi cha Kiingereza?

Karibu kila anayeanza kukusanya mifano ya treni za mvuke za Kiingereza hutamani kile kichwa kirefu cha treni za haraka, chenye magurudumu ya kimo cha mtu mzima na jina la mfalme ubavuni. Nami nilikitamani. Kisha unapima meza ya sebuleni, unakuta kona ya reli haimtoshi mfalme, na sanduku linapanda juu ya kabati kukaa na vumbi. Ndiyo maana kila nikiulizwa mtu aanze na nini, nasema aanze na kichwa cha tangi. Na hapo huulizwa tena: kipi? Maana viko vya kila umbo, na duka la mtandaoni halikwambii kwa nini kimoja kimevaa tangi kama kofia na kingine kimelificha tumboni.

Kichwa cha safari ndefu huburuta nyuma yake kigari cha makaa na maji, yaani tenda. Kichwa cha tangi hakina mkia huo. Makaa yamo katika sanduku nyuma ya dereva, na maji kinayabeba chenyewe. Ni kifupi. Kinakwenda mbele na kinyumenyume bila taabu, kwa hiyo kikifika mwisho wa njia hakihitaji sahani ya kukigeuzia. Uzito wa maji nao huyakandamiza magurudumu ya nguvu, yale yanayosukumwa na pistoni, yasiteleze wakati wa kuondoka. Lakini maji yenyewe ni machache. Kadiri yanavyotumika kichwa kinakuwa chepesi na kushika reli kunapungua. Na maji yakiwa tangini hayatulii. Yanacheza. Hilo la kucheza limewahi kuua watu, nitalifikia.

Waingereza walihangaika zaidi ya miaka 120 na swali hilohilo: maji yakae wapi? Walipata majibu manne makubwa, na kwa bahati nzuri majina ya mawili kati yake yametoka kwa punda, hivyo mtu wa Lamu haelezwi mara mbili. Kuna tangi la tandiko, linalokaa juu ya mgongo wa boila na kushuka pande zote mbili. Kuna matangi ya shogi, yaliyoning'inia huku na huku kama vikapu vya punda, bila kugusa chini. Kuna ya ubavuni, masanduku mawili yaliyosimama sakafuni kando ya boila. Na kuna la kisima, lililofichwa chini, katikati ya fremu.

Kabla ya kununua, jifunze kusoma maandishi ya kwenye sanduku. 0-6-0 maana yake hakuna magurudumu madogo mbele, kuna sita ya nguvu katikati, na nyuma hakuna. 2-6-4 ina mawili madogo mbele, sita ya nguvu, manne madogo nyuma. Herufi zinazofuata ndizo zinazotaja tangi: T peke yake ni ubavu, ST ni tandiko, PT ni shogi, WT ni kisima.

Kisima: kizuri cha kutazama, kigumu cha kuishi nacho

Wazo la kisima ni la zamani kuliko yote. Katika mashindano ya Rainhill ya Oktoba 1829, yale aliyoshinda George Stephenson na mwanawe Robert kwa kichwa chao Rocket, mshindani aliyependwa na umati alikuwa Novelty ya John Braithwaite na John Ericsson. Rocket iliburuta pipa la maji nyuma yake. Novelty ilibeba maji yake chini ya sakafu, kati ya magurudumu. Ilikuwa nyepesi na ilikimbia vizuri ajabu, kisha ikaharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena, ikatolewa.

Maji yakiwa chini, kichwa kinatulia, hakiyumbi. Tatizo ni nafasi: hapo katikati ya fremu ndipo penye ekseli na vyuma vya valvu, kwa hiyo kisima hakiwezi kuwa kikubwa. Vilivyofanikiwa kuliko vingine ni vile 2-4-0WT alivyovibuni Joseph Beattie kwa ajili ya London and South Western Railway, vikatoka kuanzia 1863, vingi kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester. Viliundwa kwa treni za vitongoji vya London. Treni zilipokuwa nzito, vikaondolewa, isipokuwa vitatu vilivyopelekwa Cornwall kwenye njia ya Wenford Bridge iliyobeba udongo mweupe wa kaolini. Njia ile ilikuwa na kona kali, na vizee hivyo ndivyo vilivyopita bila malalamiko. Vikaendelea hadi 1962, wakati wenzao walikwisha kukatwa vyuma miaka 60 hivi kabla. Viwili vimehifadhiwa.

Kama mfano wa mezani ni kitu cha kupendeza: boila iko wazi, mwanga unapita chini yake, hakuna sanduku linaloziba uzuri. Lakini uwazi huohuo ndio unaomkera mtengenezaji. Mota aiweke wapi? Na uzito wa kushika reli autoe wapi? Chukua kisima ukiwa tayari na kingine cha kufanyia kazi. Si cha kwanza.

Tandiko: mfanyakazi wa kiwandani

Fundi wa mgodini hahitaji kichwa cha kukimbia. Anataka kitakachopita kona kali kati ya majengo, kisukume mabehewa ya makaa toka asubuhi hadi jioni, na kikiharibika mtu mmoja mwenye spana aweze kuufikia mtambo wake. Tandiko linampa yote hayo. Tangi liko juu, kwa hiyo pande za chini ni wazi na mikono inaingia hadi kwenye vyuma vilivyo ndani ya fremu. Leeds, Bristol na Kilmarnock zilikuwa na viwanda vilivyokula na kunywa kutokana na vichwa hivi: Manning Wardle, Hudswell Clarke na Hunslet kule Leeds, Peckett kule Bristol, Andrew Barclay kule Kilmarnock.

Kasoro zake mtu huzijua akishakaa nacho. Uzito wote wa maji uko juu, hivyo kikiongezwa mwendo kinayumba. Na kwa kuwa tangi limelala juu ya boila, maji yanapata joto kabla ya wakati wake. Ungedhani hilo ni jambo jema, maji kupashwa bure. Siyo. Injekta, kile kifaa kinachosukuma maji kuingia ndani ya boila kwa nguvu ya mvuke, hutegemea maji baridi ili mvuke uwe maji tena ndani yake. Maji yakiwa moto inagoma, na dereva mwenye boila inayokauka huku tangi limejaa ana shida ambayo hatapenda kusimulia.

Mwakilishi wa aina hii ni Austerity ya Hunslet. Vita vya pili vilipopamba, serikali ilitaka kichwa cha kupanga mabehewa bandarini na kambini, rahisi kuunda, kinachostahimili mafuta duni na matunzo ya kubahatisha. Hunslet wakachukua kichwa chao cha viwandani, wakakirahisisha, na cha kwanza kikatoka 1943. Viwanda kadhaa vikaingia kazini, na vilipofika mwisho wa agizo la kivita vilikuwa 377. Baada ya vita reli ya London and North Eastern ilinunua 75, ikaviita J94, na migodi ya makaa ya mawe ikaona ni kitu chake hasa, ikaagiza vingine hadi 1964. Jumla 485. Fikiria: kichwa cha mvuke kipya mwaka 1964, wakati reli ya taifa ilikuwa inavitupa vya kwake kwa mamia.

Mfano wa Austerity una sifa moja ambayo wanaopaka rangi wanaijua: hauwezi kuwa mchafu kupita kiasi. Kutu, masizi, chokaa ya maji iliyochuruzika kutoka mdomo wa tangi, vyote ni halali yake. Ukikosea rangi, hakuna atakayejua.

Shogi: jibu la Swindon kwa sanduku lenye mabega

Karakana ya Swindon, ya Great Western Railway, ilikuwa ikiunda vichwa vya tandiko kama wengine. Kilichobadilisha mambo ni sanduku la moto. Mwanzoni mwa karne ya 20 Swindon ilishika sana muundo wa Belpaire, uliobuniwa na Mbelgiji Alfred Belpaire, ambao juu yake ni bapa na una mabega ya mraba badala ya mviringo. Unatoa mvuke vizuri, lakini jaribu kumtandika punda mwenye mgongo wa meza. Tandiko la mviringo halikai. Wakalikata katikati, wakapata masanduku mawili, wakayaning'iniza pembeni. Shogi.

Matokeo yake yalikuwa mazuri kuliko walivyokusudia. Uzito ulikaa chini zaidi kidogo. Fundi aliendelea kupitisha mkono na kopo la mafuta chini ya matangi. Dereva akapata kuona mbele vizuri zaidi. Na mwaka 1929, chini ya mhandisi mkuu C. B. Collett, ikaanza kutoka ile 5700, 0-6-0PT, ambayo hadi 1950 ilifikia vichwa 863. Ni mojawapo ya makundi makubwa kabisa katika historia ya reli ya Uingereza. Vilipanga mabehewa, vilivuta treni za abiria mbili tatu kwenye njia za vijijini, vilisukuma makaa kwenye milima ya Wales Kusini. Hakuna aliyevisifu, na hakuna aliyeweza kufanya kazi bila wao.

Mwisho wao ndio unaonifurahisha. Kati ya 1956 na 1963 London Transport, wenye treni za umeme za chini ya ardhi, walinunua 13 kwa ajili ya treni za matengenezo, kwa sababu umeme ukikatwa kwenye reli ili mafundi wafanye kazi, treni ya umeme haina maana. Wakavipaka rangi nyekundu iliyokolea. Vikafanya kazi hadi Juni 1971, karibu miaka mitatu baada ya British Rail kuzima mvuke wake kwenye reli za kawaida. Kwa hiyo ukitaka kuweka mezani mfano wa shogi mwekundu pembeni ya treni ya umeme, hujadanganya.

Ubavu: hapa ndipo historia yenyewe ilipo

Kisima, tandiko na shogi kila kimoja kina mahali pake pa kukaa. Ubavu ulikwenda kila mahali, kutoka kichwa cha tani 28 hadi cha tani 90 na zaidi, na ndio uliopata mafanikio makubwa na aibu kubwa. Sababu ni rahisi. Sanduku la ubavuni linaweza kurefushwa. Ukitaka maji zaidi, vuta sanduku mbele. Hakuna aina nyingine inayokubali hivyo.

Anza na mdogo. Mwaka 1872 William Stroudley wa London, Brighton and South Coast Railway alitoa 0-6-0T ndogo kwa treni za London Kusini, ambako vituo vilikaribiana na reli nyingine zilikuwa dhaifu. Mlio wake wa mvuke ulikuwa mkali na wa harakaharaka, watu wakaipa jina la mbwa mdogo mwenye kelele, Terrier, na jina likaganda. Zilijengwa 50 hadi 1880. Moja, Brighton, ilipata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya Paris ya 1878. Baadaye zikaonekana ndogo mno, na zingekufa zote kama si njia chache zenye madaraja mabovu. Mashuhuri kuliko yote ni ile ya kisiwa cha Hayling, pwani ya kusini, iliyovuka maji kwa daraja la mbao ambalo halikuweza kubeba kichwa kingine. Daraja bovu likazilinda Terrier hadi njia ilipofungwa Novemba 1963, na kufikia hapo watu walikuwa wameshaanza kuzihifadhi. Kumi zipo hadi leo.

Chini ya ardhi kulikuwa na tatizo la namna yake. Metropolitan Railway ilipitisha treni za mvuke kwenye mahandaki ya London, na moshi na mvuke vilikuwa vinawakaba abiria. Kuanzia 1864 Beyer Peacock wakawaundia 4-4-0T zenye mabomba makubwa yaliyorudisha mvuke uliotumika ndani ya matangi ya ubavuni, ukawa maji tena badala ya kujaa handakini. Moshi ulibaki palepale, bila shaka. Namba 23 unaweza kuiona kwenye jumba la makumbusho la London Transport pale Covent Garden, na yale mabomba yake ya nje ndiyo yatakayokufanya utake mfano wake.

Mwaka 1909 ubavu ulifanya jambo ambalo lilibadilisha hata vichwa vya tenda. Treni iitwayo Sunny South Express iliunganisha Brighton na Rugby, na kampuni mbili zikakubaliana kushindanisha vichwa vyao kwenye njia hiyo. London and North Western ilileta Precursor, kichwa cha tenda cha kujivunia. Kampuni ya Brighton ikaleta I3 ya D. E. Marsh, 4-4-2T, kichwa cha tangi tu, lakini chenye kifaa cha kupasha mvuke mara ya pili kabla haujaingia silinda. Mvuke mkavu unafanya kazi zaidi kwa maji machache. I3 ikatoka East Croydon hadi Rugby, kilomita 145 hivi, bila kuongeza maji njiani, na ikala makaa kidogo sana kuliko mwenzake. Kampuni zilizokuwa zinasitasita kuhusu upashaji huo zikaacha kusita.

Ukifaulu hivyo unajaribiwa kupita mpaka. Brighton walijaribiwa. Mwaka 1914 Lawson Billinton alitoa 4-6-4T kubwa, ya kwanza ikiitwa Charles C. Macrae, yenye matangi marefu na ya juu ubavuni. Ikaanza kuyumba hatari. Maji yalikuwa yanabingirika kutoka upande mmoja hadi mwingine kila kona. Suluhisho lao linachekesha ukiwa mbali nalo: nje matangi yakabaki makubwa vilevile ili sura isiharibike, ndani wakaziba, kina cha maji kikawa inchi 15 tu, na maji mengine yakahamishiwa kisimani chini. Baada ya njia ya Brighton kuwekewa umeme mwaka 1933, saba hizo zikageuzwa kuwa vichwa vya tenda.

Sevenoaks haikuchekesha. Tarehe 24 Agosti 1927, treni ya jioni kutoka London kuelekea pwani ya Kent ilivutwa na River Cray, 2-6-4T iliyobuniwa chini ya R. E. L. Maunsell kwa treni za haraka. Ilianza kuyumba, ikaacha reli, mabehewa yakagonga nguzo za daraja la barabara. Watu 13 walikufa. Vichwa vyote vya kundi lile vikaondolewa kazini mara moja. Kisha vikafanyiwa majaribio kwenye njia kuu ya London and North Eastern, yenye kokoto nzuri, vikakimbia kwa utulivu. Kwenye njia ya kampuni yao wenyewe vikayumba tena. Lawama kubwa ikaangukia msingi wa reli, uliojengwa kwa changarawe za ufukweni, mviringo, zisizoshikana. Ila hakuna abiria ambaye angepanda tena nyuma ya kichwa kile kwa moyo mmoja, na kampuni ililijua hilo. Wakavivua matangi, wakavipa tenda, na vikaendelea kwa amani miongo zaidi ya mitatu.

Ajabu ni kwamba muundo uleule wa 2-6-4T ndio uliokuja kuwa kilele cha vichwa vya tangi Uingereza. Mwaka huohuo wa 1927 London Midland and Scottish walitoa wa kwao chini ya Henry Fowler, William Stanier akauboresha 1935, Charles Fairburn akaufupisha 1945, na baada ya reli kutaifishwa karakana ya Brighton ikautengeneza upya kuwa Standard daraja la 4, chini ya R. A. Riddles. Vilitoka 155 kuanzia 1951. Angalia ubavu wa matangi yake: umepinda kuelekea ndani juu, si kwa urembo tu, bali ili kipite chini ya madaraja na mahandaki finyu ambayo wengine hawakuyaweza. Vilihudumia vitongoji vya Glasgow na njia ya London hadi Southend, vikiondoka kituoni haraka, vikisimama, vikiondoka tena.

Nisiache bonde la Wales. Makaa ya kusafirishwa nje yalishuka kutoka migodini hadi bandarini, safari fupi na nzito, na Great Western iliunda 2-8-0T za kuyashusha. Miaka ya 1930 biashara ya makaa ikaanguka, vichwa vikasimama bila kazi. Collett akavirefusha nyuma kuanzia 1934, akaongeza sanduku la makaa na maji na magurudumu mawili ya kulibeba, vikawa 2-8-2T, kundi la 7200, ili viende mbali zaidi kutafuta mzigo. Kichwa kilichopoteza kazi kikaongezewa tumbo kikatafute nyingine.

Na kuna kituko cha 1902, ambacho mwenye duka akikuuzia mfano wake ununue mara moja: Decapod ya James Holden wa Great Eastern, 0-10-0WT, yaani ya kisima, si ya ubavu, iliyojengwa kuthibitisha kwamba mvuke unaweza kuondoa treni ya tani 300 kutoka kusimama hadi maili 30 kwa saa ndani ya sekunde 30, sawa na umeme. Ilithibitisha. Ila madaraja ya kampuni hayakuweza kuibeba, ikageuzwa 1906 kuwa kichwa cha tenda cha mizigo. Wanaosema lengo lilikuwa kuwaogopesha waliotaka kujenga reli ya umeme ya kushindana nao, naona wana hoja.

Zikiwekwa pamoja

Vipimo ni vya kichwa halisi, isipokuwa safu ya mwisho, ambayo ni urefu wa mfano wa kipimo cha OO, yaani 1 kwa 76, unaotembea kwenye reli ya milimita 16.5.

| Kundi | Aina ya tangi | Vilivyoundwa | Uzito (tani) | Maji (lita) | Gurudumu la nguvu | Mfano |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Terrier | ubavu | 50 | 28 | 2,270 | m 1.22 | sm 10 |
| Austerity | tandiko | 485 | 48 | 5,450 | m 1.30 | sm 12 |
| 5700 | shogi | 863 | 47.5 | 5,450 | m 1.41 | sm 12.5 |
| Standard 4 | ubavu | 155 | 87 | 9,090 | m 1.73 | sm 18 |

Gurudumu lenyewe linakueleza kazi. Dogo ni la kusukuma, kubwa ni la kukimbia. 5700 iko katikati, na ndiyo siri yake.

Sasa chagua reli kwanza, kichwa baadaye. Kama una rafu ya ukutani ya mita moja na nusu, na unapenda mchezo wa kupanga mabehewa, hili mbele lile nyuma, chukua Austerity, uijengee kimgodi au gati la bandari. Kama nafasi yako ni kingo ya dirisha, chukua Terrier na mabehewa mawili mafupi, lakini ujue kwamba ni nyepesi na kimlima kidogo cha kadibodi kitaishinda. Kama una meza ya duara na watoto wanaotaka kuona treni ya abiria ikizunguka, Standard 4 ndiyo yenye sura hiyo, na mabehewa matatu manne nyuma yake hayaonekani kichekesho. Ila angalia kona: reli ya kona ya kwanza ya Hornby, watengenezaji wa mifano, ina nusu kipenyo cha milimita 371, na vichwa virefu vingi huomba ile ya pili, 438. Ukiwa na reli ya kurithi, pima kabla ya kulipa.

Mimi, kwa mtu ambaye hajajua anataka nini, nampa 5700. Inapita kona zote, ina nafasi ya mota na ya risasi ya uzito ndani ya shogi zake, inavuta mizigo na abiria bila kuonekana imevaa nguo ya mtu, na kwa kuwa vilikuwa 863 na mifano yake imetengenezwa kwa miongo mingi, vya mtumba havikosekani. Atakayeniambia 7200 ni nzuri zaidi sitabishana naye, ila atengeneze kwanza meza.

Ukitaka kuunda mwenyewe kwa kadibodi na bati la kopo, mpangilio unageuka. Ubavu ndio rahisi, ni masanduku mawili ya mraba. Shogi ni masanduku mawili yenye kingo za mviringo, si mabaya. Tandiko ni bati moja la kukunja pande zote mbili zilingane, na kila kosa linaonekana kutoka ng'ambo ya chumba. Kisima hakionekani kabisa, lakini boila iliyo uchi inataka mkono usiotetemeka.

Walio karibu na Nairobi wanaweza kupata wazo la ukubwa wa vitu hivi bila kupanda ndege. Jumba la makumbusho la reli lina kichwa kikubwa cha mvuke cha aina ya Garratt, cha kundi la 59, Mount Gelai, mojawapo ya 34 zilizotoka kwa Beyer Peacock kuanzia 1955. Kwa Waingereza Garratt ni jamii yake yenyewe, lakini tazama lilipo tangi lake kubwa la mbele: limebebwa na kichwa chenyewe, mbele kabisa ya boila, juu ya seti yake ya magurudumu. Ni jibu la tano la swali lilelile, kwa njia yenye kona na miinuko ambayo hakuna kisima, tandiko wala shogi ingeiweza. Mfano wake wa OO hautoshi kwenye rafu yoyote niliyo nayo.

Ukipata cha mtumba, kigeuze juu chini kabla ya kutoa pesa. Zungusha magurudumu kwa kidole: yakikwama mahali pamoja kila mzunguko, ni fimbo iliyopinda au ekseli iliyoteleza. Pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa mifano ya OO ya siku hizi iwe kama milimita 14.5. Kisha kiweke kwenye reli ya volti 12 na uongeze umeme taratibu kabisa. Kichwa kizuri cha tangi hakionyeshi ubora wake kikikimbia, bali kikianza kutambaa.